NAMNA GANI MUTU ANAJENGA NDEGE YA ALUMINIUMU NYUMBANI KWAKE?



Mwanzo wa mwaka huu wa masomo ndege ndogo ilitua katika kiwanja cha hapa kwetu. Wakati piloti alikuwa anashusha masanduku ya dawa, sisi wa klasi ya tatu tulizunguka bawa lake. Mumoja wetu alianza kuhesabu vile vichwa vidogo vya duara vilivyopangwa mustari kwa mustari juu ya bawa. Alifikia 200, akachoka, na alikuwa hajafika hata robo ya bawa. Akauliza: «Nani aliweka hivi vyote?» Piloti alicheka, akajibu kama ndege ile ilitoka kiwandani, lakini kuna watu wanaojenga ndege wao wenyewe nyumbani, ndani ya garaji, jioni wakitoka kazini.

Wengi hawakusadiki. Wamoja walisema ni hadisi tu. Sisi wa komite ya gazeti tuliuliza na tukasoma, na sasa tunawaeleza tulichokiona. Si hadisi. Lakini haiko mchezo vilevile.

1. SABABU GANI ALUMINIUMU?

Muchukue kipande cha chuma chenye desimetre kyube moja: uzito wake ni karibu kilo 7,9. Kipande kama kile cha aluminiumu kina kilo 2,7 tu. Kwa ndege, kila kilo inahesabiwa. Lakini aluminiumu peke yake ni laini, sawa vile sufuria ya mama inayobonyea ikianguka. Katika mwaka 1906 Mudachi mumoja, Alfred Wilm, alichanganya aluminiumu na shaba kidogo na manyezi kidogo, akaipasha moto, akaizamisha katika maji. Alipoipima kisha siku chache, aliona imekuwa ngumu zaidi kuliko siku ya kwanza, hata hakuna mutu aliyeigusa! Ni kutoka pale ndege za madini zilipata nguvu ya kweli. Matole ya leo ni watoto wa kazi ile.

Tole la bawa ni jembamba sana: nusu milimetre, mara nyingine kidogo zaidi. Namna gani linabeba watu? Muchukue karatasi ya kaye, muishike kwa ncha moja: inainama. Muikunje pembeni mara mbili: inasimama. Ndani ya bawa vilevile kuna mbavu zilizokunjwa, na boriti moja ndefu inayotoka karibu na piloti mpaka mwisho wa bawa. Tole la inje linashikwa na mbavu zile kwa riveti. Kila kimoja peke yake ni zaifu. Vyote pamoja ni nguvu.

2. SANDUKU ZA VIPANDE

Zamani mutu aliyetaka kujenga ndege alinunua plani tu, akatafuta matole, akakata kila kitu kwa mukono. Wamoja wangali wanafanya hivi. Lakini wengi wananunua vipande vilivyokwisha kukatwa na kutobolewa kiwandani, vimefungwa katika sanduku kubwa za mbao. Wanaita vile «kiti», lakini haiko kiti ya kukalia! Huko Oregon, Marekani, Richard VanGrunsven alianzisha kazi hiyo katika mwaka 1973, na ndege zaidi ya 11,000 za namna yake zimekwisha kuruka, zilizojengwa na watu wenyewe. Katika Afrika ya Kusini, karibu na Johannesburg, kuna kiwanda kinachotengeneza vipande vya ndege inayoitwa Sling.

Siku sanduku zinafika, kazi ya kwanza haiko kujenga. Ni kuhesabu. Mwenye ndege anashika liste, anapita kipande kwa kipande, visi kwa visi. Kisha anaanza na mukia, sababu ni mudogo. Akiharibu, hasara yake si kubwa sana. Kisha mabawa, kisha mwili wa ndege. Motere inakuja karibu na mwisho.

3. KAZI YOTE IKO KATIKA TUNDU

Hapa tunaomba musome polepole, sababu ni hapa siri yote iko.

Katika ateliye ya shule tulijaribu. Tulichukua matole mawili membamba, tukatoboa matundu 12 katika la kwanza na 12 katika la pili, kwa kupima na regle. Tukaanza kuyaunga kutoka ncha moja. Mpaka tundu la saba kila kitu kilikuwa sawasawa. La nane lilikataa kidogo. La kumi halikuonana hata kidogo na mwenzake. Kosa la nusu milimetre kila mara, likikusanyika, linakuwa kosa kubwa. Tulisukuma kwa nguvu, na tole likajikunja kama ulimi.

Wajenzi wa ndege wanajua ugonjwa huo. Kwa hiyo wanatia kwanza vipini vidogo vyenye springi, vinavyoshika matole mawili kwa muda, katika matundu mengi. Bawa zima linajaa vipini kama mugongo wa nungu. Mujenzi anatazama: limenyooka? Haliko limepindika? Ikiwa ni sawa, ndipo anatoa kipini kimoja kimoja na kutia riveti ya daima.

Lakini mbele ya riveti, sherti asafishe tundu. Meshi ya kutoboa inaacha makali madogo pembeni ya tundu. Ukipitisha kidole unayasikia. Mutu mwenye haraka anasema: «Ni kitu kidogo, riveti itafunika.» Kumbe ni pale ufa unaweza kuanzia. Bawa linatikisika kila siku hewani, na ufa mudogo kama unywele unaendelea polepole, ndani, fasi hakuna jicho linaloona.

Hata kiwanda kikubwa kiliadhibiwa na jambo hili. Wakati maombi ya watu yalizidi sana, kampuni ile ya VanGrunsven ilikubali vipande vingine vitobolewe kwa mwangaza wa laza, juu ya kupata vingi kwa haraka. Katika mwaka 2023 ilijulikana kama matundu yale mengine yalikuwa yanapata nyufa wakati wajenzi waliyabonyeza kwa kuingiza kichwa cha riveti. Watu wengi walisimamisha kazi zao, vipande vikapaswa kubadilishwa, na pamoja na shida zingine za feza, Desemba ya mwaka ule kampuni iliomba ulinzi wa korti juu ya madeni yake. Iliinuka tena mwaka 2024. Haraka haraka haina baraka: tunaandika mezali hii ukutani kila mwaka, lakini hapa tunaiona kwa macho.

Riveti zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza inavutwa na pensi maalum, na mutu mumoja anaitosha. Ya pili inagongwa na nyundo ya hewa: mumoja anagonga inje, mwenzake anashika chuma kizito upande wa ndani. Mara nyingi ni bwana na bibi yake, ao baba na mutoto wake. Riveti iliyogongwa vizuri ina kipimo chake: kichwa kinachotokea ndani sherti kiwe na upana wa mara moja na nusu ya riveti yenyewe, na urefu wa nusu yake. Kwa riveti ya milimetre 3,2, hii ni 4,8 kwa 1,6. Ikiwa imekwenda upande, inatobolewa, inatolewa, inatiwa ingine.

Sasa musikilize hili. Bawa likikwisha kufungwa, hakuna mutu atakayeona tena riveti za ndani kwa urahisi. Inspekteri atatazama kwa taa kupitia vitundu vilivyobakizwa, atauliza, atasoma kaye ya kazi na kutazama picha zilizopigwa kila siku. Lakini yule anayejua kweli riveti ya 347 ilitiwa namna gani ni yule aliyeitia. Na ni yeye atakayekaa juu ya bawa lile.

4. KUPIMA MBELE YA KURUKA

Tanki za esansi katika ndege nyingi za namna hii ziko ndani ya mabawa. Kwa kujua kama zinavuja, hawatii esansi. Wanatia hewa kidogo, wanafunga puto ya watoto kwa mupira wa tanki, wanapaka maji ya sabuni juu ya riveti zote. Puto ikianza kulegea, ao povu likitokea, kazi inarudi nyuma.

Motere ya nyingi za ndege hizi inaitwa Rotax, inatoka Austria: silinda ine, nguvu ya farasi 100 ao 115. Ikikwisha kufungwa pamoja na elisi, ndege inawekwa juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu. Wanafunzi wa fizika, ni somo letu la wenzo (levier)! Uzito wa kila gurudumu unazidishwa na umbali wake, na hivi wanapata fasi uzito wote unakaa. Ikiwa uko nyuma sana, ndege itainua pua yake na piloti hataweza kuishusha. Mutu aliyekimbia hesabu shuleni atakutana nayo pale.

Katika Marekani sheria inataka mwenye ndege awe amefanya mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi ya kuijenga. Kisha ukaguzi, ndege inaruka kwanza fasi isipokuwa watu wengi, na haibebi wasafiri. Kwa kawaida majaribio haya yanadumu saa 25 ao 40 za hewani.

5. VIJANA KAMA SISI

Mutasema: haya ni mambo ya wazee wenye feza. Musikie basi. Katika mwaka 2019, vijana 20 wa Afrika ya Kusini, waliotoka katika maisha mbalimbali, walijenga ndege ya Sling 4, yenye viti vine, kwa muda wa juma tatu. Motere na vyombo vya umeme vilitiwa na wafundi. Kisha ndege ile iliondoka Cape Town, ikapita katika Namibia, Malawi, Tanzania, Uganda na Ethiopia, ikatua Cairo kisha juma tatu. Safari yote ilihesabiwa kilometre 12,000. Piloti Megan Werner, aliyeanzisha mupango huu, alikuwa na miaka 17.

Tufanye hesabu. Inasemwa kwamba ndege hii inaomba saa karibu 3,000 za kazi. Vijana 20 wakigawa, ni saa 150 kwa kila mumoja, yaani karibu saa saba kwa siku wakati wa juma tatu. Mutu mumoja anayefanya saa mbili kila jioni anahitaji jioni 1,500: miaka mine na zaidi. Munaona nguvu ya wengi. Lakini munaona vilevile hatari yake: kati ya 20, mumoja tu akisema «riveti itafunika», kazi ya 19 inaharibika.

6. NA SISI?

Hatuwaambii mukate matole ya nyumba mujaribu kuruka kutoka juu ya mulima. Tole la nyumba haliko tole la ndege, na hewa haisamehe. Feza ya sanduku zile hatuna. Lakini ateliye tunayo, na matole mawili, na meshi moja. Profeseri wetu wa teknolojia amekubali tuanze tena kazi ile ya matundu 12, safari hii kwa vipini vya kushika kwa muda. Tutafanya mpaka la kumi na mbili lionane na mwenzake bila kusukumwa.

Wakati ile ndege itarudi, tutamuomba piloti aitazame. Hatutamuonyesha upande wa inje. Tutamuonyesha upande wa ndani.

Komite ya gazeti