Bunduki ya babu ina umri gani?

Mzee akifariki, warithi huorodhesha shamba, ng'ombe na nyumba. Katika baadhi ya kaya za Mbeya na Iringa kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayetaka kukitaja: bunduki ya kuwindia iliyofungwa kwenye gunia darini. Shangazi anasema ilitekwa kwa Wajerumani enzi za Mkwawa. Baba mdogo anasema ilinunuliwa kwa Mzungu wa dhahabu kule Chunya.

Kabla ya ubishi, usalama. Ihesabiwe kuwa ina risasi. Watoto wakae mbali, na asiwepo wa kuigusa wala kuibeba njiani. Leseni hutolewa kwa mtu, si kwa ukoo. Kuificha kunaweza kuwafikisha warithi mahakamani kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Toeni taarifa polisi. Mkiogopa, mwombeni mwenyekiti wa kijiji awasindikize. Askari akishahakikisha haina kitu, ndipo isomwe.

Kama baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, hilo ni gobore. Mengi yalifuliwa na wahunzi wa vijijini, hayana chapa, na yameendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya ukoloni. Uchakavu wake hauthibitishi umri.

Yenye maandishi husema zaidi. "Mod. 71" ni Mauser iliyoingia jeshini Ujerumani miaka ya 1870. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 walipowashinda Wajerumani Lugalo, Agosti 17, 1891, kwa hiyo shangazi anaweza kuwa na hoja. Lakini askari wa Kijerumani walikuwa bado na Mod. 71 mwaka 1914, na vita ile ilipita huku: Waingereza waliingia Tukuyu mwaka 1916, na Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Chapa hutaja umri wa chuma. Haisemi kilifikaje nyumbani.

Angalieni pia aina ya risasi iliyoandikwa kwenye mtutu. Bunduki haiwezi kuizidi umri risasi yake, labda mtutu uwe umebadilishwa. Risasi ya 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ile ya.375 ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912. Mkwawa alifariki Julai 1898. Bunduki ya namna hiyo inamwelekea zaidi baba mdogo, maana dhahabu ya Lupa ilivuta wageni wengi Chunya kuanzia miaka ya 1920.

Ikiwa na jina la Rigby, Westley Richards au Holland & Holland, nakilini namba yake. Viwanda hivyo vya Uingereza vina vitabu vya zamani vya mauzo, na kwa malipo vinaweza kueleza ilitengenezwa lini na ikauzwa kwa nani.

Msiisugue kwa msasa ili ing'ae; kutu ikiondoka, chapa nazo huondoka. Ombeni polisi ruhusa ya kupiga picha za maandishi yote, kisha wakalisheni wazee na kuandika kila mmoja anachokumbuka. Bunduki yenyewe huenda isirudi nyumbani, lakini picha, namba na maneno ya wazee vinaweza kugawiwa kila mtoto, bila leseni.