Bunduki ikigoma, tusikimbilie kuilaumu risasi

Msomaji, huenda wewe huna bunduki wala huna haja nayo, na kwa hilo nakupongeza. Hata hivyo nakuomba univumilie leo nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tulio na vyeti vya kumiliki silaha hulipuuza, nalo ni risasi inayogongwa ikakataa kulia. Kulenga na kufyatua sote tumefunzwa, walau kwa kugusiwa. Lakini ni nani aliyetufunza la kufanya pale tunapofyatua na pasisikike kitu ila mlio mkavu wa chuma kugonga chuma?

Mimi nina bunduki ndogo ya kulengea shabaha, ile ambayo kipenyo cha mtutu wake ni inchi 0.22. Haiui nyati, wala sitaki iue chochote. Uwindaji ulipigwa marufuku humu nchini tangu mwaka 1977, na sisi wenye bunduki za aina hii kazi yetu kubwa ni kutoboa karatasi iliyo mita 50 mbele yetu na kuusingizia upepo tunapokosa. Jumamosi moja, katika mashindano madogo tu ya wanachama, nilifyatua risasi 50, na kati ya hizo 7 hazikulia. Saba! Kila moja ilipogoma niliifungua bunduki papo hapo, nikaichomoa kwa hamaki, nikatia nyingine. Mashindano yalipokwisha nilikuwa wa mwisho.

Alasiri hiyo hiyo nilifululiza hadi katika duka lililoniuzia, duka ambalo sitalitaja, nikampa mwenye duka maneno ambayo leo nayaonea haya. Yeye alinijibu kwa upole kwamba hajapata kulalamikiwa na mteja mwingine, kisha akarejea kwenye daftari lake la hesabu. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa uchafu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta uwanjani mzee mmoja aliyestaafu ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa silaha. Ndiye huziokota risasi zilizogoma na kuziweka katika kopo la bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu.

"Mzee," nikamwambia, "risasi za siku hizi ni takataka."

"Umejuaje, kijana?"

"Si zimekataa kulia?"

"Zimekataa, naam. Lakini kuna mgongaji na mgongwaji. Umejuaje aliyekataa ni yupi?"

Nikanyamaza. Naye akalimimina kopo lake juu ya meza.

Hapa sina budi kueleza kidogo jinsi risasi hizi zilivyoundwa, kwani pasipo hilo maneno ya Mzee hayafahamiki. Risasi kubwa za kisasa, za polisi na wanajeshi, zina fataki katikati ya kitako chake, kikombe kidogo kilichopachikwa ndani ya tundu lake. Risasi ndogo ya 0.22 haina kikombe hicho. Fataki yake ni uji wa kemikali unaotiwa ndani ya ganda ukiwa mbichi. Kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi ule uji ukatambaa na kuingia katika mkunjo wa ukingo wa kitako, pande zote, kama maji yanavyokimbilia ukutani mwa ndoo inayozungushwa. Ukikauka ndipo baruti hutiwa na kichwa cha risasi kikabanwa juu. Pini ya bunduki haigongi katikati. Hugonga ukingoni, ikauponda ule mkunjo dhidi ya mdomo wa chemba, na msuguano ule ndio huwasha cheche.

Ni ubunifu wa kale. Mfaransa Flobert aliutumia mwaka 1845, Smith & Wesson wa Marekani wakatoa bastola yao ndogo ya aina hiyo mwaka 1857, na risasi hii tuitumiayo leo ikatoka katika kiwanda cha Stevens mwaka 1887. Zaidi ya karne nzima, na bado inauzwa kwa sababu ni rahisi kuiunda na bei yake si ya kuumiza. Lakini urahisi huo una gharama yake. Ikiwa ule uji haukulijaza duara lote, na pini ikaangukia palipo patupu, huna mlio. Wazee wa zamani walilifahamu hilo fika. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860, iliyotumia risasi kubwa za ukingoni, pini yake ilikuwa na meno mawili yaliyogonga ukingo pande mbili kwa pamoja, ili upande mmoja ukiwa mtupu wa pili uokoe. Bunduki nyingi za leo hugonga mahali pamoja tu.

Turejee mezani kwa Mzee. Alichukua ganda la risasi iliyolia vyema siku ile, akaliweka kando ya zile zilizogoma, akanipa kioo cha kukuzia. "Soma," akasema. Kumbe alama ya pini ni maandishi! Ganda lililolia lilikuwa na kovu la ndani, lenye kingo kali. Kati ya zile zangu, 2 zilikuwa na kovu kama hilo hilo, yaani ziligongwa sawasawa na zikakataa zenyewe. Lakini 4 zilikuwa na mchubuko tu, kama ukucha uliopita juu ya sabuni.

"Hizi mbili nitakusaidia kuzilaumu," akasema Mzee. "Hizi nne ziliguswa tu, hazikugongwa. Lete hiyo bunduki."

Nikamkabidhi, naye akalichomoa komeo na kulifungua. Sikuamini macho yangu. Ndani, palipo na springi na pini, palijaa kitu cheusi, kizito, mithili ya lami. Miezi kadhaa kabla ya hapo, kwa bidii isiyo na maarifa, nilikuwa nimepaka grisi ya magari mle ndani nikidhani naitunza bunduki yangu. Ile grisi ilichanganyika na masizi, na katika asubuhi za baridi ya Julai huku kwetu nyanda za juu ikaganda. Pini yangu ilikuwa inatembea ndani ya matope. Mtenda kaumiza mwenyewe, nami nilikuwa nimekwenda kumtukana mwenye duka!

Tulisafisha kwa mafuta ya taa, tukapangusa hadi pakakauka, kisha Mzee akapaka mafuta mepesi kiasi cha tone moja. Hakuishia hapo. Alimulika chemba kwa tochi akanionyesha pete ya uchafu mdomoni mwake. Vichwa vya risasi hizi ni vya madini ya risasi vilivyopakwa nta kwa nje, na nta ile pamoja na masizi hujijenga kidogo kidogo. Ukingo wa risasi una unene wa takriban milimita 1 tu. Uchafu ukiizuia risasi isikae hadi mwisho, pini inapogonga nguvu yake yote hutumika kuisukuma ndani badala ya kuuponda ukingo. Ndiyo maana risasi iliyogoma mara nyingi hulia ikigongwa mara ya pili, kwani pigo la kwanza lilikuwa la kuikalisha tu. Hapa wengi hudanganyika. Wakiona imelia mara ya pili husema, "Naam, fataki ilikuwa na pengo." Huenda, na huenda sivyo. Kovu la kwanza ndilo shahidi wa kuaminika.

Kuna na mengine niliyojifunza siku ile, nayataja kwa haraka. Springi huchoka. Pini huvunjika ncha au huisha. Na ile tabia yetu ya kukaa sebuleni tukifyatua bunduki tupu kwa kujifurahisha ni mbaya mno kwa bunduki za aina hii, kwani pasipo ukingo wa risasi wa kuipokea, pini hugonga mdomo wa chemba wenyewe, ikautia donda na kujitia ububutu. Waliounda baadhi ya bunduki wameikinga pini isifike huko, ila si wote.

Si kwamba risasi hazina hatia kamwe. Zile za bei nafuu, zinazomwagwa mamia kwa mamia katika kisanduku kimoja, hazipimwi kwa uangalifu sawa na zile za mashindano. Nasi wenyewe huziharibu. Tunaziacha ndani ya gari linalochemka juani, tunazishika kwa mikono iliyojaa mafuta, na kichwa cha risasi hizi hakikubanwa kwa nguvu kiasi cha kuyazuia mafuta kupenya hadi kwenye baruti. Mwenzangu mmoja wa Mombasa, palipo na unyevu wa bahari, huziweka katika bati lenye mpira mfunikoni, na hajutii. Wengine huzibeba mfukoni miezi na miezi zikigongana, hata ile fataki kavu ikapukutika kutoka ukingoni. Ukishasafisha bunduki na bado zinagoma, zijaribu risasi za kisanduku hicho katika bunduki ya mwenzako, na za mwenzako katika yako. Zikigoma kote, hapo chukua kisanduku chako, pamoja na nambari ya fungu iliyopigwa juu yake, umrudie mwenye duka ukiwa na haki yako mkononi.

Lakini yote haya, msomaji, si ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mzee aliniuliza nilisubiri muda gani kabla ya kuifungua bunduki kila ilipogoma. Nikamwambia ukweli: sikusubiri. Akaniangalia kwa muda. Kisha akavuta shati lake bega la kushoto akanionyesha kovu dogo lenye umbo la mwezi. Kuna risasi ambazo hazigomi, huchelewa tu. Cheche hutambaa polepole ndani ya ukingo, kisha hulia wakati komeo limekwisha kufunguliwa. Ikiwa ndani ya chemba, chuma huibana. Ikiwa nusu nje, ganda lake jembamba la shaba hupasuka na vipande vyake kuruka kila upande. Chake yeye kilipita bega. Kingeweza kupita jicho. Viwanja vingi hutaka usubiri nusu dakika, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha. Mzee hutaka dakika nzima, na tangu siku ile nami naihesabu dakika nzima, hata wanaonisubiri wakiguna. Vivyo hivyo ukisikia mlio hafifu, kama kizibo cha chupa, usitie risasi nyingine kabla ya kuondoa komeo na kuchungulia kama mtutu u wazi. Pengine kichwa kimekwama mle ndani, na kitakachofuata kitakutana nacho.

Nauliza basi: mbona hakuna aliyetuambia haya? Tunapoomba cheti tunaulizwa tabia zetu, sababu zetu, na mahali pa kuifungia silaha, na ni haki tuulizwe. Tungeulizwa pia, "Risasi ikigoma utafanyaje?" Asiyejua arudi nyumbani akajifunze. Na wauzaji, wanaofahamu kuandika kila risasi inayotoka dukani mwao, wangeweka kopo kama la Mzee la kuzipokea zinazorudi. Cheti hutaja idadi ya risasi ambazo mtu ameruhusiwa kuwa nazo. Iliyogoma bado ni risasi, na yahesabiwa.

Kwa hilo la kuhesabu nina sababu yangu. Mzee alipokuwa akizirudisha zile risasi koponi alisita, akanitazama. "Ulisema saba," akaniambia. "Hapa zimo sita."

Nilijua mara moja ilipo. Ile ya saba niliitumbukiza katika mfuko wa koti kwa hasira, nikanuia kumwonyesha mwenye duka, nikasahau. Nilimpigia mke wangu simu. Akaenda akalipekua koti, akarudi kwenye simu akaniambia mfuko ni mtupu. Kisha akamwita kijana wetu aliye gredi ya nne. Nilikuwa nasikia sauti zao kwa mbali, naye Mzee amesimama akinitazama usoni.

Ilikuwa ndani ya mkebe wake wa hesabu, kati ya rula na bikari. Alikuwa ameibeba shuleni siku tano. Alikuwa amemwahidi jirani yake wa dawati kwamba Jumatatu wataifungua kwa ncha ya bikari waone kilichomo. Si mtoto mtukutu. Alimwambia mama yake kwamba haikuwa risasi tena, kwani baba alisema imeharibika.

Niliileta uwanjani mwenyewe, mkono ukinitetemeka. Mzee aliiweka chini ya kioo: mchubuko tu, kama ule wa ukucha juu ya sabuni. Siku hiyo tulizirudia zote kwa bunduki iliyosafishwa. Za mchubuko, zile 4, zililia zote. Kati ya zile 2 za kovu refu, tulizigeuza zikagongwa upande wa pili. Moja ikalia, nyingine ikabaki bubu hadi leo.

Ya saba aliniachia mimi. Niliitia, nikafunga komeo, nikalenga kifusi cha udongo, nikafyatua. Ililia papo hapo.