Begi kubwa la mgongoni: Lipia mkanda, usilipie mifuko

WAKATI masika yanapoelekea ukingoni na msimu mkubwa wa kupanda Mlima Kilimanjaro unapokaribia kuanza mwezi Juni, begi kubwa la mgongoni, ambalo waliopitia jeshini hulijua kwa jina la shanta, huwa miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa katika masoko ya mitumba ya Moshi na Arusha. Katika soko la Memorial na lile la Kiboriloni, mteja hukuta mabegi yaliyotoka Ulaya na Marekani yametundikwa pamoja na makoti ya baridi, yakiwa na rangi na mifuko ya kumvutia mtu asiyeyajua.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huchagua kwa macho. Huangalia ukubwa, huhesabu mifuko, husoma jina la kampuni, kisha hupatana bei. Sehemu inayobeba mzigo hawaigusi kabisa. Begi hilo likishapakiwa kilo 20 na kupandishwa kutoka lango la Machame, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi kambi ya Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600, ndipo mwenyewe hugundua kuwa alichonunua ni gunia lenye mikanda.

Kwa mpagazi, ambaye mlimani huitwa mgumu, hilo si jambo dogo. Yeye hulipwa kwa siku. Bega lililochubuka siku ya pili, au mkanda uliokatika njiani, ni fedha iliyopotea, na mgongo ukiharibika hakuna duka linalouza mwingine. Wiki hii ukurasa huu unawaletea wanunuzi na wauzaji namna ya kuliangalia begi la mizigo mizito kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mkanda ndio bidhaa yenyewe

Kwa miaka mingi mabegi ya mgongoni yalining'inia mabegani tu. Mwaka 1952 Mmarekani Dick Kelty wa California alianza kuuza begi lenye fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni. Mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Greg Lowe, alitengeneza begi ambalo fremu yake imefichwa ndani ya mgongo. Mabegi mengi makubwa yanayoingia masokoni leo ni ya namna hii ya pili.

Kazi ya vitu hivyo viwili ni rahisi kueleza. Bega ni kiungo chepesi, lina nyama laini, mishipa ya damu na neva. Nyonga ni mfupa mpana uliokaa juu ya miguu, na miguu ndiyo inayotembea. Fremu huuchukua uzito wa mzigo na kuushusha, mkanda huupokea na kuuweka juu ya nyonga. Mikanda ya mabegani hubaki na kazi ya kulizuia begi lisianguke nyuma.

Kwa hiyo fremu bila mkanda mzuri haina faida, na mkanda bila fremu haufanyi kazi. Begi lisilo na fremu hujikunja likipakiwa, mkanda ukalegea, uzito wote ukarudi mabegani. Mnunuzi anayelipia mifuko kumi ya nje na kusahau vitu hivi viwili amelipia mapambo.

Wapo watakaouliza: kwa nini tusibebe kichwani kama tulivyozoea? Swali hili lina uzito. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu akina mama wa Kiluo na Kikikuyu wa Kenya, ambao walionekana kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada zinazopimika. Lakini hao ni watu waliozoea tangu utotoni, na asilimia 20 ya mtu mwenye kilo 60 ni kilo 12 tu. Zaidi ya hapo gharama huanza kuonekana. Isitoshe, njia ya mlimani ina mawe, tope na mahali pa kushika kwa mikono, na ngata ya kichwani haipumzishi shingo.

Pima mgongo kabla ya kuuliza bei

Kosa la pili ni kununua begi kwa urefu wa mtu. Kinachotakiwa ni urefu wa mgongo. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana, mmoja akiwa na miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu.

Azima futi ya fundi cherehani. Inamisha kichwa, utagusa mfupa uliojitokeza pale shingo inapoishia. Kisha weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya ncha za mifupa ya nyonga. Mwenzako apime kutoka kwenye mfupa wa shingo hadi kwenye mstari unaounganisha vidole gumba hivyo viwili. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimeta 40 na 55.

Begi likiwa fupi kuliko mgongo, mkanda utakaa tumboni. Likiwa refu, mkanda utashuka matakoni na mikanda ya mabegani itaacha nafasi nyuma ya bega. Kwa akina mama, ambao wengi wana mgongo mfupi na mabega membamba kuliko wanaume, yapo mabegi yaliyokatwa kwa maumbile yao, na muuzaji anayeyatambua anaweza kuyatenga na kuyauza kwa bei nzuri.

Lita ngapi?

Ukubwa wa begi hutajwa kwa lita, na mara nyingi namba hiyo imo katika jina lake. Kwa safari ya siku kadhaa yenye hema, chakula na nguo za baridi, lita 65 hadi 80 hutosha. Zaidi ya 85 ni kwa safari ndefu sana au kwa vitu vyenye ujazo mkubwa.

Hapa tahadhari inahitajika. Lita ni kipimo cha nafasi, wala si kipimo cha nguvu. Lita moja ya maji ina kilo moja; begi la lita 80 likijazwa vitu vizito litamzidi nguvu mtu yeyote mwenye busara. Nafasi ikiwepo hujazwa. Wapandaji wengi wa kujifurahisha hujiwekea mpaka wa asilimia 20 ya uzito wa mwili. Kwa wapagazi wa Kilimanjaro, mpaka unaofahamika ni kilo 20 za mzigo wa kazi, na ndio unaosimamiwa pia na KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003. Vitu vya mpagazi mwenyewe huwa juu ya hapo, ndiyo maana kila gramu ina hesabu yake.

Begi lenyewe nalo lina uzito. Yale makubwa yenye fremu imara huwa na kilo mbili hadi tatu na nusu. Jepesi kupita kiasi mara nyingi limetengenezwa kwa mizigo midogo. Zito kupita kiasi hula sehemu ya kilo ambazo ungebeba kwa malipo.

Jaribio la madumu manne

Hakuna sababu ya kununua begi la mizigo likiwa tupu. Begi tupu humkaa kila mtu. Omba madumu manne ya lita tano yaliyojaa maji. Hizo ni kilo 20 bila mizani. Muuzaji anayejua biashara yake hatakataa, na anayekataa amekwisha kukujibu.

Panga madumu karibu na mgongo wako, yasikae mbali nyuma wala yote chini. Legeza mikanda yote. Vaa begi, liinue kidogo, ukaze kwanza mkanda wa kiunoni, katikati ya mkanda ikae juu ya mfupa wa nyonga. Ndipo ukaze ya mabegani, kisha ile midogo iliyo juu ya mabega inayovuta begi lisogee mwilini, na mwisho wa kifuani.

Sasa pitisha kiganja chini ya mkanda wa bega. Kikipita kwa urahisi, uzito uko kiunoni mahali pake. Kikikwama, kaza tena mkanda wa kiunoni ujaribu. Kikikwama mara ya tatu, begi hilo si lako, hata likiwa jipya. Likikukaa vizuri, tembea robo saa, panda ngazi, inama, geuka. Maumivu yanayoanza sokoni hayataisha mlimani.

Mtumba: kasoro za kupunguziwa na za kukataa

Begi lililotumika si begi baya. Mengi yalibebwa safari mbili tatu huko yalikotoka, yakawekwa stoo. Ujuzi ni kutenganisha kasoro za kuombea bei na kasoro za kuondokea.

Za kuombea bei ni hizi: bizimu ya plastiki iliyovunjika, kichwa cha zipu kilichochakaa, uzi uliofumuka sehemu ndogo, kamba zilizopotea, na kava la mvua lisilokuwepo. Fundi wa mabegi huyamaliza kwa gharama ndogo. Hesabu gharama hiyo, iondoe kwenye bei, usione haya.

Za kukataa ni nne. Kwanza, mkanda wa kiunoni uliopotea au kubadilishwa na utepe mwembamba. Pili, fremu isiyokuwepo. Ingiza mkono ndani upande wa mgongo, upapase: lazima ukute vyuma vya alumini au bamba gumu la plastiki. Mara nyingine vyuma huwa vimetolewa, mfuko wake ukabaki mtupu.

Tatu, mshono wa mikanda ya mabegani uliochanika pamoja na kitambaa. Uzi hushonwa tena, lakini kitambaa kilichooza hakina pa kushonea. Vuta kwa nguvu mbele ya muuzaji. Nne, ngozi ya ndani iliyogeuka gundi. Mabegi ya nailoni hupakwa dawa ya kuzuia maji kwa ndani, nayo huharibika kwa umri na unyevu. Ukigusa ikanata, ikabanduka kama ganda na kutoa harufu kali, dawa imekufa. Kitambaa huweza kudumu, lakini mvua itaingia na vitu vyako vitachafuka.

Bonyeza pia sponji ya mkanda kwa kidole gumba. Ikirudi haraka bado ina uhai; ikibaki na shimo imechoka. Kuhusu kitambaa, nailoni nzito ya denia 420 kwenda juu huhimili mawe vizuri, hasa chini ya begi. Jina la kampuni lisikudanganye, kwani nembo ni rahisi kushonwa kuliko mkanda.

Kumbuka kwamba hata begi jipya huvujisha kwenye mishono na zipu. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019, nunua mfuko imara usiopitisha maji wa kuweka ndani, na ndani yake utie nguo za kulalia.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Begi la kwanza linauzwa shilingi 40,000 na linadumu safari mbili. La pili linauzwa shilingi 120,000 na linadumu safari 20. Wa kwanza ametumia shilingi 20,000 kwa kila safari, wa pili shilingi 6,000. Aliyeonekana mbadhirifu sokoni ndiye aliyeweka akiba, na mabega yake bado ni mazima.

Kwa mwenye duka la kukodisha, hesabu hiyo ina nguvu zaidi. Anunue machache yenye mgongo unaorekebishwa urefu, kwa sababu begi moja la namna hiyo humfaa mteja mfupi na mrefu. Aprili na Mei, mlima ukiwa na mvua na wageni wachache, ndio wakati wa kutafuta bidhaa na kuzipeleka kwa fundi. Anayengoja Juni hukuta wenzake wamekwisha kuchambua.

Kwa kampuni za utalii, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kampuni aliyeko ofisini huona kilo 20 kama namba katika karatasi. Avae mwenyewe begi anaomnunulia mpagazi, madumu manne yakiwa ndani, azunguke nalo uwanja wa ofisi mara kumi. Baada ya hapo hatahitaji ushauri wa ukurasa huu.

Kwa mnunuzi wa kawaida, utaratibu ni mmoja: pima mgongo, papasa fremu, kaza mkanda, beba maji. Bei ije ya mwisho. Rangi chagua unayoipenda.