Je, Wajua? Kiyoyozi cha Gari la Zamani Kilimani Naguru

Je, wajua kwamba pampu nzima kabisa ya kufyonza hewa, ikifungwa kwenye kiyoyozi cha gari pale Naguru, Kampala, haiwezi kuishusha geji hadi inchi 30 za zebaki? Vitabu vya ufundi huandika 29 au 30, na mwenye gari aliyevisoma akiona mshale umegota karibu na 26 hudhani pampu imechoka. Pampu haina kosa. Geji huanza kuhesabu kutoka kwenye kanieneo ya hewa ya mahali ilipo, na kilima cha Naguru kiko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Inchi 26 hivi ndizo zote zilizopo. Mombasa au Dar es Salaam, pampu ileile ingekaribia 30. Cha kuangalia ni kama mshale unatulia: funga vali, zima pampu, usubiri nusu saa. Ukianza kurudi kuelekea sifuri, kuna mahali panavuja.

Fundi asiruke hatua hiyo ya kufyonza hewa hata akiwa na haraka. Unyevu uliobaki ndani huganda kwenye tundu jembamba la vali ya upanuzi na kuziba njia. Gari hupoza vizuri kwa muda, ghafla linatoa joto, na ukizima kiyoyozi kidogo kisha ukawasha, baridi inarudi kwa sababu barafu imeyeyuka.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaleyale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ikipungua, imevuja. Anayejaziwa gesi kila baada ya miezi michache bila kutafutiwa tundu anatupa pesa zake hewani, na inauma kuona jambo hilo linavyozoeleka. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingizwa kwa magari yenye zaidi ya miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yanapanda kilima hiki kila asubuhi, na mipira ya kuzibia kwenye maungio yake imekauka. Tazama kwanza doa la mafuta lililoshika vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, basi inapotokea gesi hutokea na mafuta. Pakaza povu la sabuni hapo. Tundu dogo halifoki. Huota viputo vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine, na ukiwa na pupa hutaviona.

Jambo jingine: gari likiwa limezimwa na limepoa, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, geji huonyesha zaidi kidogo ya 80 psi, iwe gesi imejaa au imebaki nusu. Maadamu ndani kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, kanieneo hufuata joto, haifuati kiasi. Ndiyo maana gesi hupimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kiyoyozi kikipoza gari likienda, kisha kikatoa joto kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, usikimbilie gesi. Angalia feni ya kondensa: fyuzi, rilei, halafu mota yenyewe.

Na kompresa ikikataa kabisa kushika, huenda inajikinga. Swichi ya kanieneo huizuia isizunguke gesi ikiwa chache, maana bila gesi mafuta hayaifikii. Kuiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya ni kuiua.

Hali ya hewa ya Kampala, isiyo na joto kali, nayo huchangia. Watu hukaa miezi bila kuwasha kiyoyozi, na mpira wa kuzibia kwenye ekseli ya kompresa unakauka kwa kukosa mafuta. Kiwashe dakika kumi kila wiki. Wakati wa mvua kitakusaidia pia kuondoa ukungu kwenye kioo, kwa kuwa hukausha hewa.

Mwezi Oktoba 2016, nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali, kwa majirani zetu, kupunguza gesi za jamii ya R-134a, iliyomo katika mengi ya magari haya. Kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Nusu kilo, ujazo wa gari dogo, ni sawa na kilo 715. Kabla fundi hajafungua bomba, mwombe aivutie gesi iliyobaki kwenye mtungi.