Je, Wajua? Kitenzi Chenye Sura Nane

Je, wajua kwamba kitenzi kinachotumika kuliko vyote katika Kiingereza ndicho pia kikaidi kuliko vyote? Ni "be", yaani kuwa. Kina maumbo 8: be, am, is, are, was, were, being, been. Hesabu kwa vidole kama huniamini! Vitenzi vingi vya Kiingereza vina maumbo 4 au 5, na "must", maskini, ina 1 tu.

Unashangaa kwa nini "am" na "was" hazifanani hata kidogo? Kwa sababu hazikuzaliwa nyumba moja. Kitenzi hiki kimeungwaungwa kutoka vitenzi vya kale visivyopungua 3. "Be" na "been" zina asili yao, "am" na "is" yao, na "was" na "were" zimetoka kwenye kitenzi kilichomaanisha kukaa mahali, kuishi.

Sasa sogea karibu, hii ni tamu. Mzizi uliozaa "be" ndio uliowapa Wagiriki neno lao la maumbile, na neno hilo ndilo lililozaa fizikia. Ndiyo, fizikia hiyohiyo iliyokutoa jasho sekondari! Hata "future" ya Kiingereza, iliyopitia Kilatini, ni ya ukoo huo.

Na "is" je? Mjerumani husema "ist", Mwajemi "ast", Mrumi wa kale alisema "est". Ni ndugu wa damu, wametengana maelfu ya miaka na bado wanafanana sura.

Je, wajua kwamba ukaidi wa vitenzi umewahi kupigiwa hesabu? Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi, yaani visivyofuata kanuni, katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Leo vimebaki 98. Vingine vyote vimesalimu amri na kuvaa "-ed" ya wakati uliopita kama wenzao. Kadiri kitenzi kinavyosemwa mara nyingi, ndivyo kinavyokataa kunyooshwa. Kwa vinavyosemwa sana kama "be" na "have", walikadiria kwamba nusu yake tu ingehitaji miaka 38,800 kunyooka. Usikae kuvisubiri!

"Am" ni mbaguzi: haikubali mtu mwingine isipokuwa "I". Lakini Mwingereza akitaka kuuliza "si ndimi?", husema "aren't I?", ingawa hakuna mwalimu anayekubali "I are". Scotland na Ireland wana "amn't", na kwa maoni yangu hao ndio wenye akili.

Ulichapwa kwa kusema "you was"? Pole. Katika Uingereza ya karne ya 18, waungwana waliandika hivyo bila aibu walipomwambia mtu mmoja. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, akaipiga marufuku katika kitabu chake cha sarufi.

Hii nayo usiipite. Watoto wa Marekani walionyeshwa picha ya Cookie Monster, yule kikaragosi mlafi wa biskuti wa Sesame Street, akiwa mgonjwa kitandani huku mwenzake Elmo akila biskuti. Walipoulizwa "Who is eating cookies?", walimtaja Elmo. Walipoulizwa "Who be eating cookies?", watoto Weusi walimwonyesha Cookie Monster, ambaye hakuwa na hata chembe mdomoni! Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, "be" ya namna hiyo hufanya kazi ya "hu-" yetu: nani hula biskuti? Wanaoiita lugha mbovu hawajui kwamba ina kanuni kali.

Neno la herufi 2 linaweza kumtesa rais? Tarehe 17 Agosti 1998, Bill Clinton akihojiwa chini ya kiapo, alijibu kwamba jawabu linategemea "is" ina maana gani. Rais wa Marekani, mwanasheria aliyesomea Yale, amekwama kwenye "is"!

Wengine wamechoka kabisa na kitenzi hiki. Mwaka 1965 Mmarekani D. David Bourland alichapisha pendekezo la Kiingereza kisichotumia "be" hata mara moja, akakiita E-Prime. Jaribu kuandika barua moja hivyo uone utakavyohangaika.

Wala si "be" pekee iliyoungwaungwa. Je, wajua kwamba "went" ni mali ya kuazima? Ilikuwa ya kitenzi "wend"; "go" ikaichukua na haijairudisha mpaka leo.

Na wewe unayeandika "Am fine" na "Am coming" kwenye simu, nimekuona! "Am" haitembei peke yake. Mrudishie "I" wake kabla hujabonyeza kutuma.