Kamera ya Kioo na Isiyo na Kioo Chini ya Bahari

Mtu anayetaka kupiga picha chini ya bahari, na ambaye mfuko wake si mpana, aghalabu huanza kuuliza habari za kamera, ilhali lililompasa kuuliza kwanza ni habari za kasha. Kwani kamera hizi, hata ziwe na thamani ya namna gani, haziingii majini ila zimefungiwa ndani ya kasha la alumini au plastiki ngumu, lililoundwa kwa umbo la aina ile moja tu ya kamera, na ambalo bei yake mara nyingi huipita bei ya kamera yenyewe. Anayebadili kamera, basi, hana budi kubadili na kasha.

Kamera za zamani, ziitwazo DSLR, zina kioo kinachoipeleka nuru ya lenzi hadi kwenye jicho la mpigaji. Hizi mpya hazina kioo, bali kihisi cha nuru huonyesha sura ya kitu katika skrini ndogo. Nikon na Canon hazijatoa DSLR mpya tangu 2020, na wenye nazo wanaziuza pamoja na makasha yake kwa bei nafuu. Nami nasema bila ya kusita kwamba kwa mpigaji wa picha za mnato, Nikon D500 ya 2016 au D850 ya 2017 ingali inatosha na kuzidi. Kwa kuwa rangi nyekundu hupotea katika mita chache za mwanzo za maji, na kila azamaye hulazimika kuchukua nuru yake mwenyewe, basi picha ya samaki aliyemulikwa kwa karibu na flashi mbili ni kazi ya taa, lenzi na subira kuliko ya kamera.

Fauka ya hayo kuna suala la betri. Kwa kipimo rasmi, D850 hupiga picha 1,840 kwa betri moja, na Z7 ya Nikon isiyo na kioo, ya 2018, picha 330. Na ijapokuwa zote mbili aghalabu huipita hesabu hiyo, tofauti yake huonekana mashuani. Anayelifungua kasha baina ya mbizi mbili ili abadili betri, huku chombo kikiyumba nje ya Ghuba ya Chole kisiwani Mafia na maji ya chumvi yakimtiririka kichwani, anahatarisha mali yake yote, maana unywele mmoja ukilalia pete ya mpira izibayo kasha watosha kuyapitisha maji.

Hata hivyo, sifa za kamera mpya si za kupuuzwa. Huonyesha picha iliyokwisha kupigwa katika skrini ile ile ya kutazamia, ikawa rahisi kwa mwenye macho yaliyochoka. Baadhi yake huweza kulifuata jicho la samaki zenyewe. Na katika video hazina mshindani. Anayewaendea papa potwe wa Mafia, wanaoogelea karibu na uso wa maji palipo na nuru ya jua, na anayetaka kuonyesha mwendo wao, asihangaike na kioo. Lakini na ajihadhari na jambo moja: akikibana kitundu cha lenzi hadi f/16 kwa ajili ya flashi, skrini itamwonyesha giza tupu, naye atadhani kamera imeharibika, kumbe inamwonyesha kiasi cha nuru iliyopo kabla ya taa kuwaka. Uonyesho huo huzimwa katika mipangilio, na uzimwe nchi kavu.

Shauri langu, basi, ni kwamba mwenye DSLR na kasha zima asiviuze. Asiye na chochote, na apendaye video, anunue isiyo na kioo. Na asiye na chochote, apendaye picha za mnato, atafute vilivyotumika, mradi ahakikishe kwanza kwamba pete na vipuri vya kasha hilo vingali vikipatikana, kisha mbizi ya kwanza alizamishe kasha likiwa tupu.