Funzo Kutoka Njia ya Tabora

Wanachama wote mnajua kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma. Hapati malipo kwa tawi ambalo hakulivunja. Je, ni kitu gani basi kitakachomfanya alihurumie tawi? Twapata jibu Tabora, kwa Wanyamwezi, ambao zamani wengi wao walikuja visiwani kufanya kazi katika mashamba yetu ya mikarafuu.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali ilisafirishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Kijana alianza na mzigo mdogo, akafuatana na wakubwa, akajifunza kwao maji yalipo na jinsi ya kuishi na wenyeji.

Katika njia hiyo walipita Abdullah Susi na James Chuma. Tangu mwaka 1866 walisafiri na Dk. Livingstone, wakijifunza kazi pamoja naye. Mwaka 1872 waliondoka naye Kwihara, karibu na Tabora, na mwezi wa Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Hakuna aliyewaamuru kumchukua maiti. Hata hivyo wao na wenzao walimkausha, wakamfunga, wakamchukua. Oktoba walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo, safari ya zaidi ya maili 1,000.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1879 Chuma alikuwa mkuu wa wapagazi wa msafara wa Keith Johnston. Johnston akafa njiani, msafara ukabaki mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 asiyeijua nchi. Chuma akamwongoza, na mwaka 1880 wakarudi pwani kwa njia ya Tabora. Aliyefundishwa alikuwa sasa mfundishaji, hata wa bwana wake.

Basi, ndugu wanachama, msimu ukikaribia, kila mchumaji mgeni na apewe mzee wa kufuatana naye mti kwa mti, amwonyeshe namna ya kuinamisha tawi na kuangalia mkarafuu unaougua. Na mzee huyo asipunjwe kwa pishi anazokosa akifundisha. Amri hufuatwa mwenye shamba akiwapo. Mafunzo hubaki hata akiondoka.